Kopo Lipi la Klorini? Bwawa la Nyumbani Katika Nchi Kavu ya Machakos

Bwawa la kuogelea la nyumbani lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba lita 75,000 za maji. Kwa vipimo vya Ukambani, hiyo ni mitungi 3,750 ya lita 20, au malori saba na nusu ya maji, kila lori likiwa la lita 10,000. Nimetanguliza hesabu hiyo makusudi, kwa kuwa mazungumzo kuhusu klorini hapa Machakos aghalabu huanzia dukani, na swali huwa moja tu: niweke kiasi gani? Ni swali halali, na jibu lake limeandikwa kwenye kopo. Lisiloulizwa ni hili: dawa hii ikishaua vijidudu, inaacha nini majini? Na hicho kinachobaki kitanilazimu kuyamwaga maji haya lini? Penye maji tele, mtu anaweza kuliacha swali hilo kwa wataalamu. Machakos haliachiki.

Kaunti hii ilijulikana duniani kwa kuyahifadhi maji. Matuta ya milima ya Iveti na Mua, na mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, ndiyo yaliyowavuta watafiti. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilieleza jinsi wakulima wa hapa walivyoiponya ardhi iliyomomonyoka huku idadi ya watu ikizidi kupanda. Bwawa la kuogelea uani ni mgeni wa juzi. Limeingia na nyumba mpya za Syokimau na Lukenya, na nyumba za kukodishwa wikendi kwa familia zinazoukimbia msongamano wa Nairobi. Sina ugomvi na mwenye bwawa. Ugomvi wangu ni na bwawa linalomwagwa kila baada ya miezi michache kwa sababu ambayo ingeepukika kwa kubadilisha kopo la dawa.

Kwanza kazi ya klorini yenyewe. Iwe tembe, unga au ya maji, ikiingia bwawani huzaa kitu kimoja, asidi ya haipokloro, na hiyo ndiyo inayoua. Kiwango kinachokubalika na wengi ni miligramu 1 hadi 3 za klorini huru kwa kila lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka mabwawa ya umma yasivuke 3. Bwawa la hoteli lina afisa wa afya ya umma wa kulikagua. La nyumbani mkaguzi wake ni mwenye nyumba. Kwa miligramu 1 tu, kwa makadirio ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, bakteria wa E. koli hufa chini ya dakika moja, virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua dakika 16 hivi, na vimelea vya giadia dakika 45. Lakini kriptosporidiamu, kijidudu cha kuhara, huishi zaidi ya siku 10 katika maji hayohayo. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akiharisha wiki hii haingii majini, hata bwawa liwe limepimwa asubuhi na kuonekana safi kabisa.

Sasa jua. Mji wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa Ikweta. Miale ya urujuanimno huongezeka nguvu kwa karibu asilimia 10 kila upandapo mita 1,000, na miale hiyo ndiyo inayoivunja klorini. Bwawa lisilo na kinga yoyote, likiachwa wazi kwa jua la saa sita mchana, hupoteza nusu ya klorini yake ndani ya saa moja. Mtu aliyeweka dawa saa mbili asubuhi, wageni wake wakaruka majini saa nane, amewakaribisha kwenye maji yasiyo na kinga. Wengi wakiona hivyo huongeza dozi. Cha kubadilisha ni saa, si dozi: dawa hutiwa jioni, jua likishazama na pampu ikiwa inazunguka, ili ipate usiku mzima wa kufanya kazi.

Kinga dhidi ya jua ipo, nayo huitwa asidi ya sayanuriki. Huishika klorini na kuiachia kidogokidogo, hivyo jua haliwezi kuimaliza yote kwa pamoja. Miligramu 30 hadi 50 kwa lita zatosha. Na hapa ndipo shida ya Machakos inapoanzia, kwa sababu tembe nyeupe zinazopendwa na kila mtu, zile za trikloro zinazowekwa kwenye kiboya na kusahauliwa, zimebeba asidi hiyo ndani yake. Kila miligramu 10 za klorini zinazotoka kwenye tembe huacha miligramu 6 za asidi ya sayanuriki. Klorini hutumika ikaisha, asidi haiishi. Haipandi na mvuke, chujio la mchanga haliishiki, na jua haliigusi.

Tufanye hesabu. Tuseme bwawa letu la lita 75,000 linatumia miligramu 2 za klorini kwa lita kila siku, kiwango cha kawaida kwa bwawa la nje lenye kinga. Hiyo ni gramu 150 za klorini, au gramu 167 hivi za tembe zenye nguvu ya asilimia 90. Kila siku asidi ya sayanuriki inapanda kwa miligramu 1.2. Kwa mwezi, 36. Mwezi wa kwanza bwawa linafurahi: dawa haipotei tena kwa jua, mwenye nyumba anamsifu fundi. Mwezi wa tatu asidi imevuka 100, na klorini imeshikwa mno kiasi kwamba miligramu 2 au 3 zinazosomeka kwenye kipimo hazina nguvu ya kuua mwani. Maji yanaanza kuwa ya kijani huku kipimo kikisema klorini ipo. Fundi anaongeza tembe. Tembe zinaongeza asidi.

Dawa ya kuaminika ya hali hiyo ni moja: mwaga. Kuishusha asidi kutoka 100 hadi 50 ni kutoa nusu ya maji, lita 37,500, karibu malori manne, na kuleta mengine. Bei ya tembe inayoandikwa dukani haijajumlisha malori hayo.

Basi hamia kwenye unga, haipokloraiti ya kalsiamu, wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Huu hauna asidi ya sayanuriki, na gramu 115 zinatosha kupandisha bwawa letu kwa miligramu 1. Lakini jina lake limeshatuambia unachoacha. Kila miligramu 10 za klorini huleta miligramu 7 za ugumu wa maji, yaani kalsiamu. Kwa matumizi yaleyale, ni miligramu 42 kwa mwezi. Kama bwawa lilijazwa maji laini, hilo si tatizo kwa muda mrefu. Kama lilijazwa maji ya kisima kirefu, ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya Ukambani imekaa juu ya miamba mikongwe ambayo maji yake mara nyingi ni magumu au ya chumvi. Yeyote aliyefulia maji ya kisima huko anajua sabuni inavyokataa kutoa povu. Ukianza na ugumu wa 300, na kikomo kinachopendekezwa kwa kawaida ni 400 hivi, nafasi uliyonayo ni ndogo. Kisha ukoko wa chokaa unajishika kwenye vigae pale maji yanapokomea, kwenye mabomba na ndani ya chujio, na maji yanapata weupe kama wa tui lililotiwa maji mengi.

Na bwawa linajiongezea ugumu lenyewe. Siku ya jua na upepo, maji yaliyo wazi hupoteza kama milimita 5 kwa mvuke. Kwa bwawa la mita za mraba 50, ni lita 250 kwa siku, mitungi 12 na nusu. Kwa mwezi ni lita 7,500. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi zote zikibaki nyuma, na kila unapojaziliza kwa maji ya kisima unaleta nyingine juu yake. Hata usipotia gramu moja ya dawa, bwawa la ugumu wa 300 linalojazilizwa maji ya ugumu uleule hupanda kwa 30 hivi kila mwezi.

Ya tatu ni klorini ya maji, haipokloraiti ya sodiamu, ndugu yake Jik tunayofulia nguo nyeupe. Inayouzwa kwa mabwawa huwa kali zaidi, asilimia 10 hadi 12, na robo tatu ya lita inatosha kupandisha bwawa letu kwa miligramu 1. Ile ya kufulia ingehitaji zaidi ya lita 2. Mabaki yake ni chumvi ya kawaida, karibu miligramu 100 kwa mwezi. Ukikumbuka kuwa yapo mabwawa yanayoendeshwa kwa makusudi yakiwa na miligramu 3,000 za chumvi, utaona kwamba hii ndiyo yenye deni dogo kuliko zote. Ila ni nzito kubeba, huchafua gari, na huoza. Mtungi uliokaa kwenye stoo ya mabati huweza kupoteza nusu ya nguvu zake katika miezi michache ya joto. Ununue kidogo, mara kwa mara, kwa muuzaji anayekuonyesha tarehe ya kutengenezwa, uuweke kivulini. Wenye mabwawa hawaipendi kwa sababu haikubali kusahauliwa. Mimi naiona hiyo ni sifa.

Nitaje na pH, maana bila hiyo hesabu ya klorini ni nusu. Katika maji yasiyo na kinga ya jua, pH ikiwa 7.2, karibu asilimia 68 ya klorini huru iko katika ile hali inayoua, ikifika 8.0 inabaki robo tu. Kinga ya sayanuriki hupunguza makali ya tofauti hiyo, lakini haiondoi, na pH ya juu ndiyo pia inayoitoa kalsiamu majini na kuigandisha ukutani. Maji ya visima vyetu mengi yana bikaboneti nyingi, na yakichurukachuruka kwenye bwawa hupoteza kaboni dayoksaidi, pH ikapanda yenyewe. Kwa hiyo kitu cha kuwa nacho ni asidi ya haidrokloriki au unga wa asidi kavu, wa kushusha pH hadi kati ya 7.2 na 7.6. Hata hivyo maduka huuza vifurushi vyenye magadi soda ya kupandisha pH, kana kwamba maji yote ni mamoja. Magadi tunayo, tena inachimbwa jirani, Ziwa Magadi kule Kajiado. Lakini mwenye kisima Machakos anayetia magadi bwawani anaongeza kile ambacho ardhi imeshampa bure. Inamfaa zaidi aliyejaza maji ya mvua, au anayetumia tembe kwa wingi, kwa kuwa tembe ni za asidi.

Tuje kwenye kipimo, kwa sababu nusu ya makosa huanzia hapo. Kile kijisanduku cha plastiki chenye vyumba viwili, kimoja kikigeuka njano kwa klorini na kingine kikiwa chekundu kwa pH, ndicho kilichoenea. Shida ya ile njano ni kwamba inasoma klorini yote, huru na iliyokwisha kufungwa na jasho na mkojo. Iliyofungwa ni kloramini, na kloramini haina nguvu ya maana. Ndiyo inayowasha macho na ndiyo yenye ile harufu kali. Watu wakiisikia husema bwawa lina dawa nyingi. Mara nyingi ni kinyume: lina dawa iliyochoka, na tiba yake ni kuongeza klorini kwa wingi, mara 10 ya ile iliyofungwa, usiku mmoja pasipo mtu majini. Kipimo bora ni cha DPD, kilichobuniwa na mkemia Mwingereza A. T. Palin mwaka 1957, kinachogeuka waridi na kuitenga klorini huru na ile iliyofungwa. Nacho kina hila yake. Klorini ikizidi sana, kupita 10 hivi, huichubua rangi yenyewe. Waridi linatokeza sekunde moja na kutoweka. Asiyejua ataapa hamna klorini kabisa, na kutia kopo jingine. Ukiona hivyo, changanya maji ya bwawa na maji safi ya chupa sawa kwa sawa, upime upya, uzidishe kwa mbili. Asidi ya sayanuriki ina kipimo chake pia, kichupa ambamo maji huingia ukungu hadi doa jeusi la chini lisionekane. Fundi asiyekuwa nacho anaendesha gari lisilo na kipimo cha mafuta, na mwenye nyumba anayeuza siku za wikendi ana haki ya kumwambia, "Fundi, nionyeshe sayanuriki iko ngapi," kabla ya kukubali tembe nyingine.

Kipimo kimoja hakigharimu chochote. Pima klorini jua likishazama, usiogelee, usiongeze dawa, upime tena kabla halijachomoza. Ikiwa imeshuka kwa zaidi ya miligramu 1, kuna kinachoila majini: mwani, majani, uchafu uliojificha chini ya ngazi. Ikiwa haijashuka, basi mla klorini ni jua, na kusugua kuta hakutasaidia. Mara nyingine anayeila ni dawa nyingine. Mashindano ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 yalipata aibu ya bwawa la kupiga mbizi lililogeuka kijani mbele ya kamera za dunia. Waandaaji walieleza kwamba lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilitiwa na kuibatilisha klorini, mwani ukapata mwanya. Ikiwezekana Rio, penye wataalamu, itawezekana kwa anayechanganya kila "kisafisha maji" anachouziwa.

Basi kopo lipi? Linategemea maji, wala si tangazo. Aliyejaza kwa maji magumu ya kisima aanze na tembe kwa mwezi mmoja hivi, kwa sababu kinga ya sayanuriki anaihitaji na uasidi wa tembe unamsaidia kushusha pH. Ikifika 30 au 40, aziache, ahamie klorini ya maji. Tembe zirudi tu pale anaposafiri wiki moja. Anayetegemea lori aulize lilikochota: maji ya bwawa la Maruba na ya kisima cha Athi River hayalingani, na lori halina lebo. Aliyebahatika kuvuna mvua ndiye wa kutumia unga. Maji ya mvua hayana kalsiamu, na maji yasiyo na kalsiamu huitafuta kwenye plasta ya bwawa na kuila. Unga humlisha anachokikosa. Paa la mita za mraba 200, katika mwaka wa milimita 700 za mvua, hata ukipoteza sehemu moja kwa tano, linatoa lita 112,000. Hilo ni bwawa letu lote na nusu yake. Maji ya mvua ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege yaelekezwe kando.

Na klorini ya bei nafuu kuliko zote ni turubai. Bwawa lililofunikwa mchana haliibiwi na jua wala upepo. Dawa hushuka, mvuke hushuka, chumvi inakawia kupanda. Lifungwe pande zote kwa kukaza, kwa maana turubai lililolegea ni mtego kwa mtoto. Juni hadi Agosti, mbingu zikiwa na mawingu na maji yakiwa baridi mno kwa waogeleaji, dozi ya Februari haihitajiki. Kuna wanaoendelea nayo kwa mazoea.

Neno la usalama, nalo si la kupita haraka. Tembe na unga havikutani: wala kwenye kiboya kimoja, wala kwa kijiko kimoja, kwa kuwa vikichanganyika vikiwa na unyevu huweza kuwaka moto au kulipuka, licha ya vyote viwili kuitwa klorini. Asidi na klorini ya aina yoyote vikikutana hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Viwekwe mbalimbali, juu ya mkono wa mtoto, nje ya stoo ya chakula. Tia dawa ndani ya maji, usimimine maji juu ya dawa. Unga uliopimwa na kufungwa upya bila lebo usinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Hujui ni unga wa nini. Na bwawa ambalo sakafu yake haionekani lifungwe, klorini isome vyovyote iwavyo, kwani mtu akizama hapo hataonekana.

Hata kwa uangalifu wote, siku ya kupunguza maji itafika. Kila wiki kuna upungufu mdogo usiotambuliwa: maji ya kuoshea chujio kwa kuligeuza, ambayo kwa wengi huonekana kama hasara, ndiyo yanayotoa sehemu ya chumvi na sayanuriki. Usiyabanie. Kwa upungufu mkubwa, majira mazuri ni mwanzoni mwa Oktoba, kwa kuwa mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani kuliko za Machi. Acha kutia dawa, ngoja hadi kipimo kisome sifuri, jambo ambalo kwa bwawa lenye sayanuriki nyingi huchukua siku kadhaa, kisha toa nusu. Maji hayo yasielekezwe mtoni. Kwa miembe michache, mara moja kwa mwaka, kwenye udongo unaopitisha maji, hayana neno. Sukuma wiki na maharagwe yasipewe, hasa maharagwe, ambayo chumvi huyachoma upesi. Na kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Lukenya, sodiamu ikirundikana huufunga udongo usipitishe maji tena. Yasichanganyiwe zege yenye vyuma, kwa sababu kloraidi hula chuma. Yanayosalia yamwagwe barabarani kutuliza vumbi.